Jogoo Uliyemsahau Kikaoni

Dada yangu mpendwa,

Ninapokuandikia, Tumaini amelala kwenye mkeka hapa pembeni yangu. Kivuli cha ukuta wa jiko kinamtosha yeye, miguu yangu iko juani. Anaota meno, kwa hiyo usiku wangu unaujua ulivyo. Nimechoka, dada, lakini nisipoandika sasa hivi akiwa amelala, sitaandika tena.

Nimekupigia, hupokei. Nimekutumia ujumbe, naona umeusoma, hujibu. Basi nimeamua kuandika barua, tena barua ya wazi, anayetaka kuisoma aisome. Usinilaumu kwa hilo. Kikao mlichonikalia kilikuwa cha wazi, hata majirani walisimama nje ya ua wa minyaa wakasikia mpaka mwisho. Jina lako silitaji. Nakuita Dada tu, kama siku zote.

Jumapili ijayo, watu wakitoka ibadani, ndugu wa mume wangu wanakuja kunichukua mimi na mtoto, waturudishe Mitundu. Baba Mkubwa, anayesimama badala ya Baba, ameshawapa neno. Wewe unaweza kulizuia jambo hilo, na unajua kwa nini ni wewe. Lakini kabla sijafika huko acha nikukumbushe tulikotoka, maana naona kama umesahau.

Unakumbuka ulipoitwa kwenye usaili? Ulikuwa umemaliza chuo, umekaa nyumbani Kinyangiri mpaka watu wakaanza kuuliza kama kweli ulisoma. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakunipeleka popote. Ukaambiwa mtihani wa mchujo utakuwa na maswali ya kufikiri: unapewa maneno ya mtu, halafu unaulizwa hoja yake ina kosa gani. Ukaenda Kiomboi, ukarudi na kijitabu cha kutoa kopi, kurasa nyingine zimefifia hata hazisomeki. Ukakinyanyua juu mbele ya Mama ukasema, "Hiki ndicho kitakachonitoa."

Kipindi hicho tulikuwa tunapiga alizeti. Tunakaa nyuma ya jiko, vichwa vya alizeti vimelundikwa kwenye turubai, wewe una fimbo, mimi nina kijitabu, kwa sababu ulisema ukikishika wewe utachungulia majibu. Maswali yalikuwa ya Kiingereza. Nilikuwa nayasoma kwa kujikwaa, nawe unaniambia, "Polepole, usiyakimbize maneno, hayana pa kwenda." Kisha unaligeuza swali kuwa la Kiswahili, na watu wake unawageuza wanakuwa watu wetu wa hapa hapa.

La kwanza lililonikaa kichwani lilikuwa la Shangazi. Kwenye kijitabu alikuwa mzungu gani sijui na gari lake, wewe ukasema, "Tumwache huyo. Shangazi anasema kila akifua mablanketi, mvua inanyesha. Kwa hiyo mablanketi yake ndiyo yanaleta mvua. Haya, anayetaka mvua afanyeje?"

Nikajibu, "Amnunulie Shangazi sabuni."

Ulicheka mpaka fimbo ikakudondoka. Mama akauliza toka ndani kama tunapiga alizeti au tunapigana. Kisha ukajifuta machozi ukaniuliza sasa kwa utaratibu, kama mwalimu, "Kosa liko wapi?" Nikafikiri. Nikakwambia Shangazi hufua mablanketi kukiwa na mawingu, maana kukiwa na jua kali anakuwa shambani. Hapo ndipo ulipolichukua lile sufuria la aluminiamu lililopinda mdomo, ukalifudikiza, ukaligonga kwa vifundo vya vidole, ko ko. Ukasema, "Umelipata. Kitu kimetangulia, kingine kimefuata, mtu kashasema hiki ndicho kilichokileta kile. Na hajauliza kama kulikuwa na kitu cha tatu."

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria. Anayeliona kosa anagonga sufuria.

Tuliyagonga mengi. Lile la manesi wote huvaa nyeupe, mtu yule kavaa nyeupe, kwa hiyo ni nesi. Nikagonga haraka nikasema, "Na muuza bucha je?" Ukasema, "Eh, nenda basi muuza bucha akakuchome sindano!" Lile la ama uuze vitunguu leo ama vioze vyote, kana kwamba hapa Singida hakuna mtu aliyewahi kutandaza vitunguu juu ya kichanja. Lile la bwana aliyeambiwa daraja limepasuka, akajibu kwamba aliyeleta habari ni mlevi. Mlevi ni kweli, ulisema, lakini daraja je?

Na lile la kunyamaza. Hilo nilishindwa. Lilisema mtu kashutumiwa, hakukana, kwa hiyo kakiri. Mimi nikaona hoja ni nzuri, maana hata sisi nyumbani tunasema hivyo hivyo. Ukanitazama kwa huruma. "Mdogo wangu, mtu hunyamaza kwa sababu nyingi. Pengine anaogopa. Pengine anamsubiri mwingine aseme. Pengine ana ugali mdomoni!" Ukagonga wewe.

Ulipokwenda kwenye usaili, nauli ilitoka kwenye kuku wa Mama. Walikamatwa asubuhi na mapema tukiwa wote watatu tunawafukuza uani, wewe umevaa sketi yako ya usaili umeikunja juu isichafuke. Jioni ulipiga simu unapiga kelele. "Shangazi kaja, mdogo wangu! Kaja na mablanketi yake!" Mama hakuelewa Shangazi yupi kaja wapi. Mimi nilielewa. Na ulipopata kazi nililia kama aliyeitwa ni mimi.

Nayaandika haya yote kwa sababu watu wakisoma barua hii watadhani nakuchukia. Sikuchukii. Kila ninachokijua cha kufikiri sawasawa umenifundisha wewe. Ndiyo maana inaniuma namna hii.

Twende sasa kwenye safari ile. Nilipoolewa Mitundu ulinichezea ngoma, na Mitundu iliponishinda ulikuja mwenyewe kunichukua. Mume wangu alikuwa amemwingiza mwanamke mwingine ndani, mimi na mtoto akatufungia nje kwenye mvua, kwa jirani ndiko tulikolala. Sikukuomba hata kidogo. Nilikueleza tu kwenye simu, nawe ukasema, "Funga vitu vyako, nakuja." Ulipofika hukumsalimia yule bwana. Ulimchukua Tumaini, ukamfunga mgongoni kwako, ukaniambia nibebe begi. Mpaka leo nikikumbuka mgongo wako unatangulia mbele yangu kwenda stendi, na kichwa cha mwanangu kinachungulia kwenye kitenge, naona sina mtu duniani kama wewe. Unaona unavyonichanganya?

Njiani, tulipokuwa tunasubiri gari la kuja huku kwetu, ulinunua jogoo. Mwekundu, mkubwa, miguu ya njano, kafungwa kamba. Ulisema huwezi kurudi kwa Mama mikono mitupu. Kwenye gari ukampakata kwenye kikapu, mimi nikampakata mtoto. Nilimwona jogoo kichwa kinamwinamia. Nikakwambia, "Dada, huyu mbona anasinzia?"

Ukasema, "Hata wewe unasinzia. Kachoka na safari."

Nikacheka. Nilikuwa nasinzia kweli.

Nyumbani tulimkuta Mama uani anawamwagia kuku pumba. Alivyolia alipomwona Tumaini nisingependa kusimulia hapa. Ukampa jogoo wako. Na unajua desturi yetu: kuku wa zawadi hafungwi kamba wala hafunikwi tenga. Anafunguliwa siku hiyo hiyo, mbele ya aliyemleta, achanganyike na wenzake. Kumtenga ni kama kumwambia mgeni kwamba unakitilia shaka alichokibeba. Mama akaifungua kamba. Jogoo akasimama, akajikung'uta, akaingia katikati ya kuku. Sote tukapiga makofi.

Siku zilizofuata alikuwa hali chakula. Manyoya kayatunisha, anaharisha kijani, anajibanza ukutani. Shingo ikaanza kupinda, akawa anatembea anazunguka kama mtu mwenye kizunguzungu. Uliyemwona ni wewe, ukaniita jikoni. Ulisema, "Tumchinje kabla hajajifia. Mama asije akasema nimemletea mzoga." Mkamchinja na Mama. Utumbo ukatupwa kule kule nyuma, kuku wakagombania. Sisi tukamla na ugali wa mtama, na wewe ukamwekea Mama paja. Kesho yake ukarudi mjini kazini.

Mengine hukuyaona kwa macho, acha nikueleze. Walianza mitetea. Unaamka unakuta mmoja kalala na mabawa kayatandaza, mwingine shingo imegeukia mgongoni. Vifaranga walikwenda wote kwa pamoja. Mama alikuwa anawaokota anawaweka kwenye karai, kisha anakwenda kuwachimbia. Kwa Mama kuku wale walikuwa sabuni, walikuwa dawa, walikuwa zile nauli zako. Banda lilipobaki tupu alilifagia, akafunga mlango wake kwa waya, kama chumba cha mtu aliyehama.

Kisha wakaanza kufa wa Mama Shabani, jirani.

Ndipo maneno yakaanza. Kwamba tangu nilipoingia na mtoto, nyumba imepata mkosi. Kwamba mwanamke aliyeondoka kwa mume bila kuagwa na wazee hatembei peke yake. Baba Mkubwa akaitisha kikao, na wewe ukaja kutoka mjini. Nilipokuona unashuka kwenye pikipiki, nilishusha pumzi. Nikasema moyoni, mwenye kijitabu kaja, leo watagongewa sufuria.

Tulikaa uani. Shikamoo zikaitikiwa. Baba Mkubwa akasafisha koo, akasema, "Jambo liko wazi. Kabla huyu binti hajaja, kuku walikuwepo. Kaja, kuku wamekwisha. Nani haoni?"

Nilikutazama, dada. Yalikuwa mablanketi ya Shangazi, yale yale, hayajabadilishwa hata sabuni. Wewe ulikuwa unatazama viatu vyako.

Akaendelea. "Ama arudi kwa mumewe, ama nyumba hii ya shemeji yangu imalizike na watu wake." Nikakutazama tena. Vitunguu, dada. Ama viuzwe ama vioze. Ukawa unachomoa uzi kwenye mkoba wako.

Nikasema, "Baba Mkubwa, kuku walikuwa na ugonjwa."

Akasema, "Wewe uliyeshindwa kutunza mume utatufundisha kutunza kuku?"

Watu wakacheka. Hata hilo tulilisoma kijitabuni, dada. Mlevi na daraja. Mtoto akaanza kulia, nikamweka kwenye titi, nikainama. Nilinyamaza. Sikuwa nimekubali kitu. Nilikuwa na mtoto kwenye titi, na nilikuwa nakusubiri wewe. Baba Mkubwa akanyoosha mkono kuwaonyesha watu. "Mnamwona? Kanyamaza. Kakubali."

Hapo kidogo nicheke, kwa sababu nilikumbuka ugali mdomoni. Nikainua uso nikidhani na wewe utakuwa umekumbuka.

Kisha akafanya jambo la haki, na hili nalisema ili watu wasimdhanie vibaya. Akakugeukia wewe. Akauliza, "Binti yangu, wewe ni msomi, tena ndiye uliyemleta. Siku ile mlipokuja, hakuna kingine kilichoingia humu uani?"

Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Kama lingekuwa kwenye kijitabu, ungeligonga mpaka sufuria litoboke. Baba Mkubwa ambaye hajawahi kukiona kijitabu hicho alikuwa ameukaribia mlango wa jibu, anakuomba wewe umfungulie tu.

Ukasema, "Hapana, Baba Mkubwa. Ni mdogo wangu tu na mtoto wake."

Sikumbuki walichosema baada ya hapo. Nakumbuka mkono wa Mama ulikuwa unasugua goti lake, unasugua, unasugua. Nakumbuka wewe ulipoinuka ulikuja ukamtolea Tumaini sweta jipya kwenye mkoba, la rangi ya maziwa, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Usinikasirikie, Mama Tumaini. Utanielewa." Sweta lile lipo juu ya kabati. Halijavaliwa.

Nimejaribu kukuelewa. Tena nimejaribu kwa njia ile ile uliyonifundisha, kwa utaratibu, bila kuyakimbiza maneno. Nikajiambia, nisije nami nikafanya kosa la Shangazi. Nikisema jogoo ndiye aliyeua kuku kwa sababu tu alikuja kabla hawajafa, nitakuwa nimekosea kama Baba Mkubwa, maana mimi na jogoo tulishuka kwenye gari moja. Kinachotutenganisha ni nini? Nikatafuta. Jogoo aliumwa wa kwanza, mimi sijaumwa. Kuku waliokufa walikufa kwa dalili zake, shingo ile, kinyesi kile. Na kwa Mama Shabani sijakanyaga tangu nirudi, mtoto hanipi nafasi hata ya kwenda kusalimia. Jogoo wako alivuka ua siku ile ile alipofunguliwa, Mama Shabani mwenyewe alimrudisha kwa fimbo. Mtu wa mifugo alipopita kijijini alisema ni kideri, na kwamba kuku mgeni asiyechanjwa huwa ndiye anayekuja nacho. Hata hivyo siwezi kula kiapo. Ushahidi wenyewe tuliula na ugali. Ila mtu akikuuliza kati ya jogoo na mtoto mchanga, nani kaleta kideri, nadhani hata bila kijitabu utajibu.

Kwa hiyo Baba Mkubwa simlaumu sana. Amefikiri vibaya, na kufikiri vibaya kila mtu hufikiri. Wewe hukukosea hesabu, dada. Wewe ulilijua kosa, ukalijua na jina lake, ukaliacha lipite juu ya kichwa changu na cha mwanangu. Tena lilipotaka kusimama njiani ukalisukuma. Mtu asiyejua akinikanyaga namwambia ninyanyulie mguu. Wewe uliyenifundisha kuona shimo, umenitazama natumbukia. Hilo sijui niliite nini. Kwenye kijitabu halikuwepo.

Nadhani uliogopa. Wewe ndiye uliyemwezekea Mama bati. Wewe ndiye Mama akikutaja watu wananyamaza wasikie. Ukaona haiwezekani ijulikane kwamba aliyemmalizia Mama kuku wake ni zawadi yako. Ukatafuta pa kuutua mzigo, ukaniona mimi, ambaye tayari nilikuwa nimebeba aibu ya kurudi nyumbani. Ukasema moyoni hata nikiongezewa hili halitanizidia.

Limenizidia, dada.

Sasa kuna jambo hulijui. Juzi mimi na Mama tulikuwa tunapepeta uwele. Hatukuwa tunazungumza, maana tangu kikao kile nyumba imekuwa na maneno machache. Ghafla akasema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo, "Yule jogoo nilimwona tangu mnamshusha."

Nikasimamisha ungo. "Ulimwona nini, Mama?"

"Kichwa kizito. Jicho lina maji. Nafuga kuku tangu hamjazaliwa."

"Sasa mbona ulimfungulia?"

"Ningemfunga kamba, dada yako angejisikiaje? Katoka naye mbali, kampakata kama mtoto."

Ungo wake ulikuwa unaendelea, pumba zinaruka. Nikamuuliza, "Na kikaoni, Mama? Ulikuwa unajua, ukakaa?"

Akasema, "Aliulizwa yeye. Aliyeleta zawadi ndiye mwenye kuisema. Ningesema mimi, ningemwita mwanangu mwongo mbele ya watu."

"Na mimi, Mama? Mimi ni mtoto wa nani?"

Ungo ukasimama. Kisha akasema kwa Kinyiramba, kwa ile sauti yake ya zamani ya kutubembeleza, na mimi nakuandikia kwa Kiswahili kila mtu asikie: "Akisema yeye, na mimi nitasema. Mwambie sina hasira naye. Mwambie kuku hununuliwa."

Nililia, sikufichi. Nililia kwa hasira, kwa sababu nimegundua nyote wawili mlikuwa mnalindana kwa mgongo wangu. Wewe unamficha Mama jambo ambalo Mama naye anakuficha kwamba analijua. Kilichokuwa kinakutisha hakipo, dada. Mama alikusamehe tangu siku ile anaifungua kamba. Aliyebaki kati yenu, analipa, ni mimi na huyu anayeota meno.

Mitundu siendi. Nimeshamwambia Mama, na nitamwambia Baba Mkubwa kwa heshima zote, shikamoo ya kwanza na neno la pili. Siendi kumlea binti yangu kwenye mlango unaofungwa kwa nje. Wanaweza kunitoa kwenye nyumba hii, nitapanga chumba, nitalima vibarua vya vitunguu, lakini gari la Mitundu silipandi. Hilo limekwisha. Lililobaki ni kama nitaondoka hapa nikiwa mwenye mkosi aliyefukuzwa, jina ambalo Tumaini atakutana nalo kisimani na shuleni, au nitabaki nyumbani kwetu kama binti wa Mama. Hilo ndilo liko mikononi mwako.

Sikuombi unitetee. Sikuombi useme Baba Mkubwa ni mjinga, wala umtaje mume wangu. Kubali kuulizwa lile swali tena, ulijibu upya. Hakuna kingine kilichoingia humu uani? Sema, "Kulikuwa na jogoo, nilimleta mimi." Inatosha. Mengine watamalizia wenyewe, watu wetu si wajinga wakipewa maneno yote.

Tumaini anaamka, naona anatafuta kwa mkono. Acha nimalizie.

Lile sufuria lipo bado. Mdomo umezidi kupinda, halipikiwi tena, amepewa mtoto analipiga na kijiko siku nzima hadi kichwa kinaniuma. Jumapili nitamnyang'anya kidogo. Nitalipeleka uani, nitalifudikiza katikati, mbele ya Baba Mkubwa na wageni wa Mitundu, na nitakaa chini. Baba Mkubwa ataanza kama alivyoanza: kabla hajaja, kuku walikuwepo. Atamaliza. Patakuwa na kimya kidogo.

Kimya hicho nakuachia wewe, dada. Nimekupimia. Kikipita, nitagonga mwenyewe, vidole vyangu vinajua, ulivifundisha.

Lakini njoo. Njoo ugonge wewe.

Mdogo wako niliyekusomea maswali,
Mama Tumaini